Supu Iliyoganda na Mkono wa Shangazi

Shangazi yangu wa Tanga haliamini friji. Kwake friji ni sanduku la kusahaulia vitu. Ndiyo maana asubuhi ile, aliponiona nimetoa bakuli la supu ya makongoro iliyobaki jana, alilichukua mkononi mwangu, akalipindua juu ya sinia, akasubiri. Hakikudondoka kitu. Supu ilikuwa imeganda ikang'ang'ania kuta za bakuli. Upande wa juu ulikuwa na utando mweupe wa mafuta, na chini yake donge la rangi ya asali linalotikisika ukiligusa, lakini halimwagiki.

"Hii ndiyo iliyokuwa imeshikilia miguu ya ng'ombe," akasema. Kisha akaweka bakuli mezani, akaifinya ngozi ya mgongo wa mkono wake wa kushoto kwa vidole viwili, akaivuta juu, akaiachia. Ilisimama kama tuta la viazi, halafu ikashuka pole pole, bila haraka yoyote. "Na mimi nilikuwa nayo. Imekwenda wapi?"

Ana miaka 74. Mimi nina 48, na nilipojifinya mkono wangu kwa siri chini ya kanga, tuta langu nalo halikushuka upesi kama nilivyotegemea.

Shangazi hakukosea sana. Kilichoganda ndani ya bakuli ni kolajeni iliyochemshwa ikafumuka. Ikiwa haijapikwa, kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja mfano wa kamba ya katani, na katika protini zote za mwili hakuna iliyo nyingi kuliko hiyo. Imo kwenye mifupa, kwenye kano, kwenye mishipa ya damu, na kwenye tabaka la ndani la ngozi. Huko kwenye ngozi ina mwenzake aitwaye elastini. Kolajeni huipa ngozi uimara isichanike, elastini huirudisha mahali pake ikivutwa, kama lastiki ya sketi. Elastini ndiyo hasa anayoipima shangazi anapojifinya, na habari zake si nzuri: mwili huitengeneza kwa wingi utotoni, kisha kiwanda karibu kinafungwa. Iliyopo ni ya kutunza tu.

Kolajeni ina unafuu. Inaendelea kutengenezwa maisha yote, ila kwa kasi inayopungua, na makadirio ambayo wataalamu wa ngozi wamekuwa wakiyatumia kwa miaka mingi ni upungufu wa kama asilimia 1 kila mwaka tangu mtu awe mtu mzima. Kwa wanawake kuna korongo katikati ya safari. Homoni ya estrojeni inaposhuka wakati wa ukomo wa hedhi, ngozi inaweza kupoteza hadi asilimia 30 ya kolajeni yake katika miaka 5 ya mwanzo. Wanaume wasishangilie. Kwao ni mteremko badala ya korongo, lakini unaelekea bonde lile lile.

Hapo mwenye haraka atasema: basi tunywe supu. Au atafungua simu, aone kopo la unga wa kolajeni lenye picha ya mdada asiye na hata mstari mmoja usoni, bei yake inatosha kulisha nyumba wiki nzima. Shida ni tumbo. Tumbo halijui kwamba umemeza kolajeni kwa ajili ya mashavu. Likishaipokea linaivunja vipande vipande kama linavyovunja maharage na mayai, na vipande hivyo vinaingia kwenye damu vikagawiwa panapohitajika: kidonda cha goti, ukucha, ini. Yapo majaribio yaliyoonyesha ngozi ikiongezeka unyevu kidogo baada ya wiki kadhaa za kunywa unga huo, lakini mengi yake yalilipiwa na wanaouuza, na mwenye duka akinipimia kwa mzani wake mwenyewe, mimi huwa natazama mara mbili. Supu ya makongoro ni protini, ni tamu, na inashibisha. Sababu hizo zinanitosha.

Swali linalonipa usingizi mwepesi zaidi ni lile la fundi. Mwili ukishapata vipande vya protini, unahitaji nini ili uvisokote viwe kamba? Jibu lake liliwahi kupita kwenye pwani yetu hii hii, na waliolibeba hawakulitambua.

Tarehe 7 Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga Mombasa zikiwa na wagonjwa wa kiseyeye. Fizi zilikuwa zimevimba zikafunika meno, miguu imejaa. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Wagonjwa wakapona, na mwandishi wa safari ile akaandika kwamba ni kwa rehema za Mungu na uzuri wa hewa ya Mombasa. Miezi kadhaa baadaye, wakirudi kutoka India, walikaa baharini karibu miezi mitatu. Watu 30 walikufa njiani, na waliobaki wenye nguvu za kuendesha chombo walikuwa saba au wanane tu kwa kila merikebu. Walipofika Malindi tarehe 7 Januari 1499, kitu walichokitamani wagonjwa kilikuwa machungwa, na mtu akatumwa nchi kavu kuyaleta. Yaliletwa kesho yake, lakini kwa wengi yalikuwa yamechelewa. Wakafa pale pale, na safari hii mwandishi akailaumu hewa ya Malindi. Hewa ikasifiwa Mombasa, ikashutumiwa Malindi, na chungwa lililokuwa katikati ya habari zote mbili likapita bila shukrani.

Kiseyeye ni ugonjwa wa kamba kukatika. Mwili usipopata vitamini C hauwezi kufunga vizuri zile nyuzi tatu za kolajeni, kwa hiyo kila kinachoshikwa nazo kinalegea: fizi, vishipa vidogo vya damu, ngozi, hata makovu ya zamani yanaweza kufunguka upya. Mwaka 1939 daktari kijana wa upasuaji mjini Boston, John Crandon, aliamua kujipima mwenyewe. Akaishi kwa chakula kisicho na vitamini C kabisa. Baada ya miezi mitatu alichanjwa mgongoni na jeraha likapona kama kawaida. Karibu mwezi wa tano ngozi yake ilianza kukauka na kutoa vipele kwenye vinyweleo. Miezi sita ilipotimia akachanjwa tena, na safari hii ndani ya jeraha hakukuunganika kitu. Alipodungwa vitamini C, lile lile jeraha likaanza kufunga ndani ya siku chache.

Miezi mitatu ya kwanza bila dalili ndiyo inayonitisha. Ina maana ngozi yako ya leo inaweza kuwa inakula akiba ya jana, na wewe unajitazama kwenye kioo ukiridhika.

Hakuna sababu ya Mswahili kukosa vitamini hii, na bado tunaikosa. Gramu 100 za pera, yaani pera moja la wastani, zina takriban miligramu 200. Chungwa kwa uzito huo lina kama 50. Ubuyu, ule unga mweupe unaoshikilia mbegu, mara nyingi huzidi 100. Mahitaji ya mtu mzima kwa siku, ukifuata Shirika la Afya Duniani, ni miligramu 45, na Wamarekani wanaokadiria kwa mkono mrefu zaidi wanataja 75 kwa mwanamke na 90 kwa mwanamume. Mvutaji wa sigara aongeze 35, kwa sababu moshi unaichoma vitamini hii kabla haijafika kazini. Kwa hiyo pera moja linalookotwa chini ya mti na watoto wanaotoka shule linamtosha shangazi na mimi kwa siku nzima, na chenji inabaki. (Ule ubuyu mwekundu wa kwenye vifuko siuhesabu sana. Mimi naupenda, lakini ni sukari iliyotiwa rangi, na ubuyu umealikwa kama mgeni.)

Tatizo letu liko jikoni. Vitamini C inayeyuka kwenye maji na haipatani na moto. Mchicha ukikatwakatwa mdogo mdogo, ukaoshwa baada ya kukatwa, ukachemshwa mpaka ukawa na rangi ya kijani cha jeshi, kisha maji yakamwagwa, kilichobaki sufuriani ni kamba za mboga na vitu vingine, lakini vitamini C imekwenda kwenye mfereji wa sinki. Uoshwe kwanza, ukatwe baadaye, upitishwe kwenye moto dakika chache. Kisamvu kiacheni. Hicho lazima kitwangwe na kichemshwe sana kwa sababu majani ya muhogo yana sumu, na mtu asije akasema gazeti limemwambia akile nusu kibichi. Kisamvu tunakila kwa faida nyingine.

Faida hiyo ni vitamini A, inayoamuru ngozi ya juu ijivue na kujivika upya. Majani ya kijani yaliyokolea, viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani, karoti, maembe, papai na mawese mekundu ya Kigoma yote yana rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Rangi hiyo haisafiri kwenye maji, inapanda mafuta. Kwa hiyo bibi aliyetia tui au karanga za kusaga kwenye kisamvu hakuwa anatafuta ladha peke yake, hata kama ladha ndiyo sababu aliyokuwa nayo akilini. Mchicha uliochemshwa kwa maji matupu na chumvi, ule wa watu wanaojinyima ili wapungue, unatoa sehemu ndogo tu ya kile ulichobeba.

Mafuta yenyewe ni chakula cha ngozi, na hili lilijulikana kwa mkia wa panya. Mwaka 1929 mume na mke, George na Mildred Burr wa Chuo Kikuu cha Minnesota, waliandika kuhusu panya waliolishwa kila kitu isipokuwa mafuta. Panya wale walidumaa, ngozi ikatoka magamba, na mikia yao ikawa kama ya samaki. Kilichokosekana ni asidi za mafuta ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza. Mojawapo, asidi ya linoleiki, inatumika kama chokaa kati ya matofali ya tabaka la juu la ngozi, ili maji ya ndani yasitoroke. Hiyo ndiyo tofauti kati ya ngozi nyororo na ngozi inayoandikika kwa ukucha.

Hapa ilinibidi nimwambie shangazi jambo asilolipenda. Tui la nazi analopika nalo kila siku lina asidi hiyo kidogo mno. Nazi inabeba vitamini A vizuri, na mafuta yake yakipakwa yanazuia unyevu usipotee, lakini kwa linoleiki alizeti ya Singida na Dodoma inaishinda kwa mbali, na karanga pia. "Alizeti haina harufu ya chakula," akanijibu, na mazungumzo ya mafuta yakaishia hapo. Dagaa tulikubaliana. Dagaa na vibua wana mafuta ya omega-3 yanayotuliza uvimbe mwilini, wana protini, na dagaa akiliwa mzima na kichwa chake analeta pia zinki ambayo ngozi inaihitaji kila inapojishona. Ini na korosho zinaleta shaba, inayosaidia kufunga nyuzi za kolajeni na elastini zishikane. Ni kazi ndogo, inahitaji kiasi kidogo, lakini hakuna mwingine anayeifanya.

Kuhusu karanga nina kisa ambacho kila mla ugali anafaa kukijua. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walianza kutoka vidonda na mabaka meusi shingoni na mikononi, popote palipopigwa na jua. Waliougua walikaribia 18,000. Ulikuwa pelagra, ugonjwa ambao jina lake la Kiitaliano lina maana ya ngozi inayokwaruza, na ambao daktari wa Kihispania Gaspar Casal aliueleza mwaka 1735 akiona wakulima wamevikwa mkufu wa ngozi iliyoungua. Chanzo ni ukosefu wa niasini, mojawapo ya vitamini B. Wakimbizi walikuwa wakipewa mahindi, na pamoja nayo karanga. Karanga zikakatika, mahindi yakabaki peke yake. Niasini ya mahindi imefungiwa, mwili hauwezi kuifungua. Wameksiko huyachemsha mahindi yao kwa chokaa, na chokaa hiyo inafungua kufuli. Sisi hatuna chokaa, tuna kitoweo. Maharage, dagaa, kipande cha nyama, karanga ndani ya mboga: hivyo ndivyo vinavyomlinda mla ugali asipate shingo ya Casal. Ugali kwa mchuzi wa nyanya tupu, unaoliwa mwezi baada ya mwezi, ngozi inaujua.

Mpaka hapa nimezungumzia upungufu, na shangazi hana kiseyeye wala pelagra. Je, mtu anayekula vya kutosha anaweza kula ili ngozi yake izeeke taratibu? Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulijaribu kulijibu hili kwa njia ambayo ingemfurahisha. Watafiti waliwachukua wazee 453, wengi wao wa miaka 70 na zaidi: Wagiriki wa kijijini kwao, Wagiriki waliohamia Melbourne, Waaustralia wenye asili ya Uingereza, na Waswidi. Wakachukua alama ya ngozi ya mgongo wa mkono kwa kuimwagia aina ya mpira laini unaoganda, wakahesabu mikunjo. Mgongo wa mkono, pale pale anapojifinya shangazi! Waliokula zaidi mboga za majani, jamii ya kunde, samaki na mafuta ya zeituni walikuwa na mikunjo michache. Siagi, majarini na vyenye sukari vilikwenda upande wa pili. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba maharage ndiyo yaliyonyoosha mikono, kwa kuwa mla maharage huenda pia havuti sigara na hujikinga na jua. Hata hivyo sahani ile naitambua. Ukiondoa zeituni ni mlo wa Tanga wa siku ya kawaida kabla chipsi hazijaingia.

Sukari inastahili aya yake, kwa sababu ndiyo inayotumaliza vijiweni. Kolajeni ya ngozi inakaa muda mrefu sana. Inachukua kama miaka 15 nusu yake ibadilishwe. Kitu kinachokaa miaka 15 kinakutana na kila kinachopita kwenye damu, na sukari iliyozidi inanata kwenye nyuzi hizo, inaziunganisha ovyo, zinakuwa ngumu na kukatika kirahisi. Ndiyo moja ya sababu ngozi ya mwenye kisukari huwa ngumu vidoleni. Chai ya vijiko vinne asubuhi, soda mchana, juisi ya kopo jioni: uso wa mwaka 2040 unapikwa sasa.

Lakini ningekuwa mwongo nikisema sahani inaweza kushindana na jua. Mwaka 2012 jarida la tiba la New England lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha lori miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, ulioelekea dirishani, ulikuwa umekunjamana kama wa baba yake, na wa kulia ulikuwa wa mdogo wake. Kwetu usukani uko kulia, kwa hiyo angalieni mkono wa kulia wa dereva wa basi la mikoani. Weusi wetu ni mwavuli mzuri wa asili, ila ni mwavuli wenye matundu. Ndugu zetu wenye ualbino hawana hata huo, na kwao hakuna pera litakaloziba pengo. Wao wanahitaji kofia, mikono mirefu na krimu ya kuzuia miale, kama ile ya Kilisun inayotengenezwa Moshi kwa ajili yao.

Halafu wapo wanaouvua mwavuli wenyewe. Mkorogo, wenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi, unatoa weusi unaokinga, na steroidi inapunguza utengenezaji wa kolajeni kwenye ngozi. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, mishipa inaonekana, mtu akigonga meza anachubuka. Nimewahi kumwona mwanamke dukani akinunua kopo la kolajeni na kopo la mkorogo kwa pamoja. Muuzaji alimfungia kwenye mfuko mmoja.

Na vidonge? Mwaka 1994 wanasayansi wa Finland walitangaza matokeo ya kuwapa beta-karotini wanaume wavutaji sigara. Washiriki wote walikuwa zaidi ya 29,000. Waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Rangi ile ile inayofanya kazi nzuri ndani ya karoti. Vidonge vya vitamini A navyo, vikizidi, vinadhuru ini, na kwa mjamzito vinaweza kumlemaza mtoto tumboni. Mwenye upungufu aliyepimwa apewe dawa na daktari wake. Mwenye pera ale pera.

Haya yote nilimweleza shangazi huku akiipasha ile supu. Donge lilianza kulegea pembeni, likawa maji, na jikoni pakanukia tangawizi na pilipili manga. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Nilipofika kwa Wareno na wagonjwa wao pale Malindi, akaacha kukoroga.

"Hayo machungwa," akauliza, "waliyalipia?" Na kabla sijafungua mdomo akawa ameshanikamulia ndimu ya pili bakulini.